Goti Lisilokunjwa

Katika wodi yetu ya wanawake pale Bukoba, daktari akishamwambia mgonjwa kwamba kesho anakwenda nyumbani, wenzangu walikuwa wananiachia mimi. "Mpelekeni kwa mwalimu," walikuwa wakisema. Sikusomea ualimu, nimesomea uuguzi, na hilo jina nililipata kwa sababu ya mdomo. Nina mdomo. Mgonjwa niliyemfundisha mimi kusafisha kidonda alikuwa akitoka pale anajua kukisafisha, na akikosea anajua kwamba siku atakayorudi atanikuta.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Mtu wa kwetu ukimweleza jambo anakujibu "ego, waitu", yaani ndiyo, kwa heshima zote, hata kama ulichomwambia kimempita pembeni. Anajibu hivyo ili asikuaibishe wewe unayeeleza. Mimi ni Mhaya, naijua hiyo ndiyo, nimeisema mwenyewe mara nyingi mbele ya wakubwa. Kwa hiyo sikuikubali. Nilikuwa navuta kiti, nakaa mbele ya kitanda, nasema maneno yangu, halafu namwambia mgonjwa anirudishie yote kwa mdomo wake, moja baada ya jingine, kama mtoto anayesoma katekisimu. Akiruka neno, tunaanza upya. Wengine walikuwa wanacheka, wengine walikuwa wanakasirika, na kuna bibi mmoja wa Ijuganyondo, jirani yangu kabisa, aliyeniambia kwamba hata hukumu ya mwisho haitakuwa na maswali mengi hivyo. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani ananisifu.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote alitoka Kimwani, wilaya ya Muleba, kule bondeni wanakolima mpunga na mahindi. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mke wa mkulima na mama wa watoto watatu. Alikuwa akifyeka shamba pamoja na wanawake wenzake, fyekeo likamponyoka jirani yake na kumpiga chini ya goti la kulia. Halikuvunja mfupa. Lilikata kano, ile kamba ngumu inayoshika kifuniko cha goti kisipande juu. Kano hiyo ikikatika mtu hawezi kuunyoosha mguu wake mwenyewe, wala kupanda ngazi, wala kuinuka akichuchumaa.

Daktari aliiunga vizuri. Kwa kuwa kidonda kilihitaji kusafishwa, hakumfunga hogo zima, ile plasta ngumu ya kushikiza mguu, alimwekea nusu tu, upande wa nyuma, kutoka pajani hadi kwenye kifundo cha mguu, likashikiliwa na bendeji. Aliniita akanionyesha kwa kidole. "Hii ikishika wiki sita bila goti kukunjwa, atarudi shambani kwake. Ikikatika tena, sijui." Nami nikayachukua maneno hayo. Nilijua mwanamke wa kijijini asiye na goti ni mwanamke wa namna gani, maana kupalilia ni goti, jikoni kwenye mafiga ni goti, kumfunga mtoto mgongoni ni goti.

Siku ya ruhusa nilimfundisha yeye na mumewe, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda ameshika kofia kwa mikono miwili. Niliwaeleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kihaya. Goti halikunjwi, si kidogo, si kwa dakika moja. Bendeji haifunguliwi nyumbani, inafunguliwa zahanati wakati wa kusafisha kidonda, na nesi wa pale atasoma karatasi hii. Kwenye basi akae kiti cha nyuma, mguu ulazwe kitini. Jikoni asiingie, mawifi wapo. Na chooni, hapo nilijivuna kabisa, nilimchorea mumewe kiti cha mbao chenye tundu katikati cha kuweka juu ya shimo, ili mke wake akae bila kuchuchumaa. Mume aliitazama ile picha kwa makini, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikajisemea moyoni kwamba leo nimefikiria kila kitu.

Kisha nikamwambia mgonjwa anirudishie. Alinirudishia. "Sikunji goti. Sifungui bendeji. Siingii jikoni. Ninarudi Jumanne ya wiki ya pili." Sauti yake ilikuwa ndogo, nikamwambia arudie kwa sauti. Akarudia. Mara ya pili alitabasamu, na mimi sipendi kutabasamiwa ninapofundisha, nikamwambia arudie mara ya tatu. Alirudia bila kukosea hata neno, nikaweka sahihi kwenye karatasi kwamba mgonjwa ameelewa.

Akasimama na magongo yake ili waondoke. Nilikuwa nimeshageuka kushughulika na kitanda cha pili, nikaona kwa pembe ya jicho anaanza kushuka. Alikuwa anataka kunipigia magoti kunishukuru, kama tunavyofanya kwetu. Mguu mmoja umenyooka, mwingine unakunjwa, magongo yanayumba. Nilimdaka mkono. Nikacheka, nikamwambia, "Yatunze hayo magoti, utanipigia siku ukirudi umepona." Wodi nzima ilicheka, mumewe naye akacheka, mgonjwa akaona aibu akafunika mdomo kwa kanga. Wakaenda zao stendi.

Jumanne ya wiki ya pili hakuja. Nilipiga simu ya mumewe, haikupatikana. Jumanne iliyofuata vilevile. Kwenye daftari la kliniki niliandika "hakuja", nikapiga mstari chini yake kwa nguvu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Wakati wa chai niliwaambia wenzangu kwamba watu wa Muleba unaweza kuwaimbia mpaka sauti ikukauke, wakifika Kemondo, hata nusu ya njia bado, wameshasahau. Mwenzangu mmoja ambaye kwao ni Muleba aliweka kikombe chini na hakuongea nami hadi mchana. Mimi sikujali. Niliona nimefanya sehemu yangu, na sehemu yake yeye ameitupa.

Alikuja wiki ya tano. Walimleta kwa bodaboda hadi barabarani, kisha kwa basi, na kutoka kwenye geti la hospitali mumewe alimbeba. Kabla sijaifungua bendeji nilishasikia harufu. Na ile bendeji, ingawa ilikuwa safi, haikufungwa na mkono wa nesi. Ilikuwa imezungushwa kutoka juu kwenda chini, na mwishoni kulikuwa na fundo la kanga. Nilipoifungua niliona kifuniko cha goti kimepanda juu pajani, kidonda kimeachia, usaha unatoka. Nilimwambia anyooshe mguu. Alijaribu. Misuli ya paja ilitetemeka na mguu haukwenda popote.

Nilimfokea, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimfokea mbele ya wagonjwa wengine na ndugu zao. Nilimuuliza ni neno gani kati ya manne hakulisikia. Nilimuuliza kama aliniona mimi ni redio. Kisha nikamalizia na methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nilipofika kwenye guu nilinyoosha kidole kwenye mguu wake. Baadhi ya wanawake walicheka, kwa sababu nilikuwa nimeisema vizuri. Yeye alijifunika uso kwa kanga. Mumewe aliangalia sakafu.

Alasiri nilirudi kumsafisha kidonda. Mumewe alikuwa ametoka kutafuta uji, tukawa wawili. Ukimshika mtu mguu wake unaouma kwa muda mrefu, anaanza kuongea, na yeye alianza kwa Kihaya, taratibu, huku anatazama dirishani.

"Wewe unadhani nilisahau," alisema. "Sikusahau, sista. Hata leo nakusemea yote manne."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nilimpigia magoti tata."

Tata ni baba, na hapo alikuwa anamsema baba mkwe wake, mzee wa ukoo. Siku walipofika nyumbani mzee hakuwepo, alikuwa msibani upande wa pili wa wilaya. Siku ya nne akarudi, na kabla hajaingia hata kwake akaja kumpa pole mkaza mwanawe. Watu walijaa sebuleni. Nyasi za sakafuni zilikuwa zimetandikwa upya, mzee akaletewa kiti na kahawa ya kutafuna, na mawifi wakapanga mstari wakapiga magoti kumsalimia mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa wangu alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni pa chumba, mguu na hogo lake umenyooka mbele.

"Mguu ulikuwa unamwelekea yeye," aliniambia. "Unyayo wangu unamtazama usoni. Mtu mzima mimi, nimemnyooshea mguu mzee ndani ya nyumba, watu wote wanaona. Nikasema hapana."

Akainuka, akaingia chumbani. Akafungua bendeji, akaliweka hogo chini ya kitanda, akatoka akishika ukuta. Akapiga magoti. Anasema alikusudia kugusa tu chini na kuinuka, muda wa salamu moja. Alipokuwa anashuka alisikia kitu ndani ya goti, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na mzee alikuwa bado anaitikia salamu yake, anamuuliza habari za Bukoba. Akamjibu zote. Ilipofika kuinuka hakuweza, mawifi wakamshika kwapani wakidhani ni maumivu ya kawaida. Baadaye alilirudisha hogo mwenyewe, akafunga bendeji mwenyewe, na zahanati hakwenda, maana alijua nesi wa kule naye ana karatasi.

"Na mumeo?"

"Alikuwa nje anapigilia kile kiti chako cha choo."

Nikauliza swali ambalo ningefanya vizuri kuliacha. Nilimuuliza kwa nini basi hakuja Jumanne. Wiki ya pili ingewezekana kuirudia ile kano, kidonda kilikuwa bado hakijaharibika, daktari angehangaika nayo.

"Nilikuogopa wewe," alisema. "Ulinisemesha mara tatu, nikasema vizuri. Ningerudi nikwambie nini?"

Nilimaliza kufunga kidonda nikaenda kunawa mikono, na nilinawa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nalia, nikaona hasira, nikalia kwa hasira. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekwenda kumtembelea mama mkwe wangu Kemondo. Mimi mwenyewe nina goti la kushoto linalonisumbua, daktari wetu aliniambia nilipumzishe. Nilimpigia magoti mama mkwe, nikampigia shemeji yake mkubwa, nikampigia mzee wa jumuiya aliyepita kuomba mchango wa kanisa, na jioni nikapaka dawa goti langu bila kujiuliza limepata wapi maumivu. Sikumfundisha mgonjwa wangu kuhusu magoti kwa sababu kwangu mimi kupiga magoti si kukunja goti. Ni salamu. Choo nilikifikiria, basi nililifikiria, jiko nililifikiria. Na hata aliponionyesha mwenyewe, pale pale mbele yangu, amening'inia kwenye magongo, niliona kichekesho.

Na ile methali. Alivunjika guu, ndiyo, lakini alivunjika kwa kumheshimu mkuu. Mkuu mwingine, si mimi.

Asubuhi yake nilimwomba msamaha. Nilimfokea kwa sauti ya kusikika hadi korido, msamaha nikauomba kwa sauti ya chini, nimeinama nikijifanya natandika shuka. Aliniambia nisijali, kazi yetu ni ngumu. Yeye ndiye aliyenifariji mimi, na bado sijui kama hilo lilinisaidia au liliniumiza zaidi.

Walimpeleka chumba cha upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza kusafisha usaha, mara ya pili kuangalia kilichobaki. Kano ilikuwa imeoza pale ilipochanika na ncha ya juu imejivuta mbali. Daktari alinieleza kwanza mimi, kisha tukaenda wote wawili kitandani. Alisema mguu utabaki, na hilo ni jambo la kushukuru. Atatembea. Lakini goti litakauka likiwa limenyooka, na halitakunjwa tena. Mgonjwa alijibu "ego, waitu". Safari hii sikumwambia arudie.

Mumewe aliuliza kuhusu shamba. Daktari alisema atafute kazi za kufanya amesimama. Mume akatikisa kichwa kukubali, na niliona anahesabu kichwani kazi za kufanya umesimama kule Kimwani na hapati kitu.

Wiki hiyo hiyo, saa ya kutazama wagonjwa, mzee alikuja. Alikuwa amevaa koti jeusi juu ya kanzu, fimbo mkononi, amechoka na safari. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, kwa jinsi mume alivyoruka kutoka kwenye kiti. Nilikuwa nimeshika sahani ya bendeji naelekea kwenye kitanda kile kile. Mzee alinigeukia akauliza kwa Kihaya, bila ukali, "Binti yangu, wewe ndiye uliyewafundisha hawa?"

"Ni mimi, waitu."

Nikajikuta niko chini. Naapa sikuamua. Nilikuwa na sare yangu nyeupe, sahani mkononi, magoti yangu yote mawili kwenye saruji ya wodi, namsalimia.

"Hapana, hapana," mzee alisema, akanishika kiwiko. "Simama, mwanangu. Uko kazini."

Nikasimama. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Maneno machache, mkono kwenye kiwiko, na hakuna mtu katika wodi ile aliyeona kwamba heshima ya mzee imepungua. Niliangalia kitandani. Alikuwa amemkazia macho baba mkwe wake, midomo imeachana kidogo, na nilijua amesikia.

"Mlimwambia asikunje goti," mzee aliendelea. "Mwanangu naye mkamwambia. Mimi ndiye ninayepigiwa magoti pale nyumbani. Mbona mimi hamkuniita?"

Nilisema tu kwamba hatukufikiria, nikasema "hatukufikiria" kama vile tulikuwa wengi, na nilikuwa peke yangu. Siku hizi, kabla sijafungua mdomo kumfundisha mgonjwa wa mguu, wa nyonga, wa kizazi, nauliza kwanza ni nani huwa anapigiwa magoti kwao. Huyo ndiye namtaka aje siku ya ruhusa, na kama hawezi kuja namtafuta kwa simu. Wenzangu wanasema nimezidisha. Wengine katika hao wazee wananijia juu, wanaona nawaingilia nyumba zao, na mmoja alinikatia simu. Wengi wanasema neno moja tu, mwambie asihangaike kupiga magoti, na neno hilo namfikishia mgonjwa kabla ya mengine yote. Hakuna tena ninayemwambia arudie maneno mara tatu. Nikiona mtu ananiogopa naondoka, namwachia mwenzangu mwenye uso mwepesi.

Lakini hayo ni ya sasa. Siku ile mzee alisogea hadi kitandani, akasimama karibu na miguu ya mkaza mwanawe, mmoja umekunjwa chini ya shuka na mwingine umenyooka ukimwelekea yeye. Hakuonekana kuliona hilo. Alipangusa uso kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, kwa makusudi nadhani, ili iwe sheria.

"Mwanangu, kuanzia leo mimi unisalimie ukiwa umesimama. Na wengine wote vilevile. Atakayeuliza, mwambie mimi ndiye niliyesema."

Aliinamisha macho kama mkaza mwana anavyotakiwa. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, pale goti lilipo.

"Ego, waitu," alijibu. "Na sasa, tata, hata ungetaka nikupigie, siwezi."